Fundi Meno na Taya la Bingwa

Hakuwa na jino hata moja mdomoni. Naanza hapo kwa sababu kila aliyemjua huanzia hapo, tena huanza kwa kucheka: mtu aliyewatengenezea meno ya bandia nusu ya wazee wa Mji Mkongwe, na mwenyewe anakula mkate kwa kuuchovya kwenye chai mpaka ulegee kama uji. Ukimuuliza kwa nini hajitengenezei na yeye, alijibu, "Nani atanishikia kioo?" Kisha akabadilisha mazungumzo. Nilipokuwa msichana nililichukua jibu hilo kama mzaha. Sasa naamini alikuwa akisema kweli tupu, kwamba kazi ile inataka watu wawili, na yeye kule juu alikuwa mmoja.

Mtaani tulimwita Fundi Meno, na mbele yake Fundi tu. Alikaa ghorofa ya juu, mimi ghorofa ya chini yake, na chini ya dirisha langu ipo baraza ya mawe ambapo wanaume hukusanyika kunywa kahawa baada ya alasiri. Mimi ni mwanamke, sikai barazani na wanaume. Lakini hakuna aliyewahi kunikataza kukaa dirishani mwangu na sindano na kofia ninayoishona, na kwa miaka zaidi ya ishirini sidhani kama umenipita ugomvi hata mmoja. Walijua kwamba nipo. Wakitaka kusema jambo lisilofaa masikio ya mwanamke walikohoa kwanza, nami nikajitia kutafuta uzi.

Ugomvi wao mkubwa haukuwa siasa wala mpira. Ulikuwa ngumi. Utashangaa, kwa sababu hapa kwetu ngumi zilipigwa marufuku tangu kabla sijazaliwa, mpaka miaka hii ya karibuni ziliporuhusiwa tena. Labda ndiyo maana. Wanaume wale walipenda mchezo ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona kwa macho yake. Walikuwa wakiuona kwenye kanda za video zilizovuka bahari, baadaye kwenye televisheni ya muuza kahawa, na walibishana juu yake kwa uhakika wa watu waliokwishapigwa wao wenyewe.

Na swali lililokuwa halimaliziki ni moja: bingwa huyu wa uzito wa juu, ana taya au hana? Yaani akipigwa konde la kweli, si la kuparazwa, atalistahimili au ataporomoka? Kupiga kila mtu anaona. Kupigwa ndiko kunakotaka mjuzi. Wakishindwana, mmoja wao alipaza sauti kuelekea juu, sauti ikapita dirishani mwangu, "Fundi! Hebu shuka utuamue!" Na juu yangu nikasikia, "Naam!"

Alikuwa akishuka taratibu, magoti yake yalikuwa mabovu, na alipofika chini watu walijongea kumpa nafasi. Alitazama pambano kwa namna iliyowaudhi wote. Kwanza alitaka sauti izimwe. Alisema mtangazaji analipwa ili tusichoke, halipwi ili tujue. Pili, hakutazama ngumi. Konde likitua, wenzake wote walikuwa wakimtazama aliyepiga, na yeye macho yake yalikuwa yameshafika kwenye miguu ya aliyepigwa.

"Tazameni kisigino," alikuwa akisema. "Uso unaweza kudanganya, kisigino hakijui uongo."

Na alikuwa na mengine. Bondia anayecheka baada ya kupigwa ameumia, kwa sababu asiyeumia hana haja ya kumwambia mtu kitu. Anayetazama kona yake ameumia zaidi. Shingo nene si taya, ni shingo nene. Na kubwa kuliko yote, lile walilokuwa wakilipinga kila siku, ni kwamba asiyeanguka si lazima awe na taya.

"Kuanguka ni kupumzika, yakhe," alisema siku moja. "Ukianguka refa anakuhesabia, yule mwenzio haruhusiwi kukugusa. Huyu asiyeanguka anazila ngumi zote, hata zile ambazo Mungu alikuwa kesha muepushia."

"Kwa hivyo bora kuanguka?" aliuliza Bwana Makame, mstaafu wa bandarini, ambaye kazi yake barazani ilikuwa kumpinga Fundi.

"Bora kujua kama umepigwa."

Baraza ikacheka kwa sauti. Nami nikacheka kule juu na kofia yangu, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Heshima yake ilitokana na bingwa mmoja wa dunia, jitu refu la ng'ambo, ambaye baraza nzima ilikuwa ikimpenda kama mtoto wao. Alikuwa hajashindwa na mtu. Siku ya pambano, raundi ya tatu, akapigwa konde moja la kawaida tu, la pembeni, akalipokea akaendelea kusonga mbele. Fundi akaweka kikombe chake chini akasema, "Huyu kesha kwisha." Walimzomea. Bwana Makame akamwambia arudi kwenye meno yake. Bingwa akaishinda raundi ya nne, akaishinda ya tano, na kila raundi ilipokwisha walimgeukia Fundi, na Fundi alikuwa akinywa kahawa yake. Raundi ya saba lile jitu likaenda chini kama kabati lililokatwa miguu, halikunyanyuka. Kisha mmoja akauliza kwa unyonge alionaje, naye akajibu kwamba baada ya lile konde la raundi ya tatu bingwa aliacha kufumba mdomo. "Mtu anayesahau mdomo wake uko wazi, taya lake limeshaondoka, limebaki la mapambo."

Tangu siku hiyo neno lake likawa hukumu, na akawa na kitu ambacho sidhani kama alikuwa nacho kabla: watu wanaomngoja.

Nasema hivyo kwa sababu nilijua maisha yake yalivyokuwa kule juu. Mke alikuwa naye zamani, akafa. Watoto hawakujaaliwa. Karakana na kitanda vilikuwa chumba kimoja, na ukutani rafu tatu za mataya ya plasta, juu na chini, ya kila mtu aliyewahi kumfanyia kazi. Kila taya lilikuwa na jina kwa penseli. Wengi wa wenye majina hayo wameshafariki, lakini hakutupa hata moja. Nilipokuwa nikipanda kumfagilia chumba alikuwa akinionyesha: huyu alikuwa akisaga meno usingizini, mkewe alilalamika. Huyu alikuwa na jino moja la ukaidi. Aliwazungumzia kama jamaa waliotoka kidogo kwenda sokoni.

Siku moja alikuja mjane kutoka Matemwe, mama mtu mzima, akauliza kwa haya kama ni kweli kwamba taya la mumewe bado liko pale. Fundi akalitoa, akalifuta vumbi kwa kanzu yake mwenyewe, akampa. Yule mama alilishika kwa mikono miwili akalitazama muda mrefu. Picha ya mumewe hakuwa nayo hata moja. Fundi akamwambia, "Chukua, Bi. Lilikuwa lake, si langu." Alipoondoka, Fundi aliniomba nisogeze mataya ya pembeni ili pengo la rafu lisionekane.

Na mtu huyuhuyu aliyewahukumu mabondia alikuwa akiogopa damu. Sikukuu kubwa, mbuzi wakichinjwa uani, alikuwa akifunga madirisha yake yote na kujitia kulala. Sindano ya hospitali iliwahi kumwangusha kabla haijamgusa. Hata kwenye televisheni, konde kubwa likirudiwa taratibu, ambapo wenzake walisogea ili waone vizuri, yeye aliinama akatazama viatu vyake. "Mara moja inatosha," alisema. "Kumrudia mtu kumtazama anavyopigwa si adabu."

Chakula chake nilikipika mimi. Hakuna aliyeniamuru, ilianza Ramadhani moja nikaona haya kuacha. Kwa ajili ya magoti yake tulitumia kikapu: alikiteremsha kwa kamba kutoka dirishani mwake mpaka dirishani mwangu, ndani yake sahani ya jana imeoshwa, nami naweka ya leo. Ndizi za nazi, wali wa kulegea, samaki niliyemchambua miba. Kikipanda nilisikia, "Mwanangu, Mungu akuweke." Kila siku maneno yale yale. Sikuyajali. Kitu ukikisikia kila siku huna habari nacho.

Sasa nimtaje mdogo wangu, maana bila yeye ningekuwa nimemaliza hapa na picha yangu ya Fundi ingekuwa ya kuchekesha.

Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa bado anabebwa. Nilimlea mimi. Akakua mkubwa kupita milango ya nyumba yetu, akainama kila alipoingia. Alivuka kwenda Dar es Salaam kwa sababu huku ngumi zilikuwa haziruhusiwi, akapigana huko miaka, na ziliporuhusiwa akarudi na mkanda: bingwa wa uzito wa juu, mtoto wa mtaa wetu. Sitakuficha, nilijisikia malkia. Nilikwenda sokoni bila ya kuwa na cha kununua, ili watu waniulize habari zake. Na sifa yake iliyokuwa ikiimbwa barazani ilikuwa moja. Hajawahi kugusa sakafu. Mpige na nyundo, wakisema, hatoki pale aliposimama.

Fundi alimpenda. Alikuwa akimkalisha karibu yake na kumuuliza mambo ya ulingoni kama mwanafunzi. Lakini kila sifa ile iliposemwa alikuwa akitazama pembeni.

Wiki chache kabla ya pambano la kutetea mkanda, la kwanza kubwa kwake hapa nyumbani, mdogo wangu alivunjika jino la mbele mazoezini akapanda kwa Fundi azibwe pengo. Kazi hiyo ina hatua ambapo fundi hukupa kipande cha nta laini, anakwambia uma kama unavyouma siku zote, ili ajue meno yako ya juu na ya chini yanakutana wapi. Ni jambo la dakika moja. Mdogo wangu aliuma. Fundi akatazama, akampa nta nyingine. Akauma tena. Akampa ya tatu. Kila mara meno yalikutana mahali tofauti, na kila mara mdogo wangu aliona kwamba ameuma sawasawa. Kisha akauliza kazi itakuwa tayari lini. Alikuwa ameshauliza hivyo alipoingia, na alipokaa.

Mengine Fundi alinisimulia baadaye; habari yenyewe niliipata kwa mdogo wangu, kwa sababu alishuka barazani akaisimulia kwa kicheko. "Fundi kanambia nisipigane! Ati niende hospitali wakanipige picha ya kichwa. Kisa, nta!"

Fundi alikuwa nyuma yake, anashuka ngazi. Baraza ikamgeukia.

"Ni kweli?" aliuliza Bwana Makame.

"Kweli," alisema Fundi. "Mtu mzima anajua meno yake yanakutana wapi hata usingizini. Huyu hajui. Taya lake halijamwambia kichwa kitu siku nyingi. Asipande ulingoni."

Hapo lazima nieleze, kwa asiyetujua. Kwetu kusema mabaya yatamfika mtu si sawa na kumwonya. Kuna watu wanaamini neno likishatoka mdomoni linatafuta mahali pa kukaa. Kutabiri shari ni uchuro, na anayemtabiria mwenziwe shari anamchuria, ni kama amemfungulia mlango. Bondia wa ng'ambo unaweza kumwambia atakalishwa chini, hakusikii. Mtoto wa mtaani, anayesimama mbele yako, wiki mbili kabla ya pambano, humwambii.

"Fundi, unamchuria mtoto!" alisema Bwana Makame, na safari hii hakuwa akitania.

Wengine wakaitikia. Mmoja akasema astaghfirullah. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilisikia, kwamba mtu asiye na mtoto hana uchungu wa mtoto. Mdogo wangu akaacha kucheka. Fundi alisimama pale kwenye ngazi ya mwisho, mkono ukutani, akasema mara ya pili, "Asipande." Kisha akarudi juu, na kupanda kwake kulichukua muda mrefu kwa sababu ya yale magoti, na wote walikuwa wakimsikiliza anavyopanda.

Usiku ule mdogo wangu aliniuliza, "Dada, wewe waonaje?" Hilo ni swali ambalo nimejibu mara elfu tangu siku ile, kila mara kwa jibu zuri zaidi. Jibu nililompa hasa ni hili: "Wazee wanasema mengi. Wewe fanya mazoezi yako." Niliogopa kuutaja ugonjwa nisije nikauita. Na nilitaka ule mkanda. Yote mawili ni kweli na sijui lipi lilikuwa kubwa.

Siku ya pili Fundi aligonga mlango wangu. Katika miaka yote hakuwahi kuugonga, kikapu kilitutosha. Nilifungua nusu.

"Mwanangu, wewe ndiye mama yake. Anakusikiliza wewe. Mwambie aende hospitali tu, wakimwona mzima na apigane, mimi ntakuwa wa kwanza kumshangiria."

"Fundi," nilimwambia, "usimchurie ndugu yangu."

Alinitazama. Nadhani alikuwa akitegemea kwamba mimi, niliyemsikiliza miaka yote ile kutoka dirishani, nitakuwa tofauti na wale wa chini. Akasema, "Haya, mwanangu," akageuka. Jioni kikapu kilishuka kama kawaida na sahani yake imeoshwa. Nilikitazama kikining'inia pale. Sikutia kitu. Kilikaa kitambo, kikapanda, na hakikushuka tena.

Pambano lilikuwa Jumapili mchana. Mtaa mzima ulihamia uwanjani, baraza ikabaki tupu, hata muuza kahawa alifunga. Mimi sikuweza kwenda, nilisema tumbo linaniuma. Nilikaa na redio. Fundi alibaki juu na televisheni yake ndogo, na najua sauti aliizima kwa sababu sikusikia kitu ila nyayo zake. Watu wawili katika nyumba nzima, mmoja anasikia bila kuona, mwengine anaona bila kusikia.

Mtangazaji alikuwa akipiga kelele kwa furaha. Bingwa kapigwa, bingwa amesimama! Taya la chuma! Na kila mtangazaji aliposema hivyo, juu yangu nilisikia kiti kikisogezwa na nyayo zikienda mpaka dirishani, mbali na televisheni. Kisha zikarudi. Raundi ya tano zilikwenda mara tatu. Raundi ya saba sikuweza kuzihesabu. Raundi ya nane zilikwenda dirishani na hazikurudi. Nilijua maana yake kama ninavyojua jina langu. Mtangazaji alinambia tunashinda, nyayo zilinambia jambo jingine, nami nikaongeza sauti ya redio.

Alishinda kwa pointi. Hakugusa sakafu. Walimrudisha mtaani kwa ngoma, amebebwa, jicho moja limefumba, na chini ya dirisha la Fundi wakasimama makusudi. "Fundi! Taya ndilo hilo! Tia plasta!" Mdogo wangu naye alicheka pamoja nao. Dirisha la juu halikufunguka.

Kesho yake alasiri Fundi alishuka barazani. Nilistaajabu, lakini nadhani alitaka kukubali kushindwa mbele ya watu kama mwanamume. Alitoa salamu, wakamwitikia, maana salamu haikataliwi. Kisha akasimama akingoja. Hakuna aliyejongea. Hawakumtukana wala kumfukuza, kila mmoja alibaki pale alipokaa, na mtu mmoja akaendelea na hadithi yake. Alisimama na kikombe chake mpaka kahawa ikaisha. Akakirudisha kikombe kwa muuza kahawa, akapanda. Mimi nilikuwa dirishani nimeona yote. Ningeweza kumwita. Ningeweza hata kusema tu, Fundi, leo kuna ndizi. Nilivuta uzi nikaendelea kushona.

Baada ya miezi miwili akaja mpwa wake wa kike kutoka Mkokotoni na gari ya mizigo, wakamchukua yeye na kitanda chake na mataya yake, yamefungwa kwa magazeti ndani ya maboksi ya sabuni. Wazee waliotaka meno ikabidi wavuke bahari.

Ya mdogo wangu yalikuja polepole, kiasi kwamba kwa muda mrefu niliweza kujidanganya. Alikwenda dukani mara mbili kununua chumvi ileile. Aliniuliza mama kaenda wapi, kisha akacheka akasema alikuwa akitania, na macho yake hayakuwa ya utani. Mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka. Siku moja alipotea mtaani kwetu, mtaa aliozaliwa, Bwana Makame akamrudisha akiwa amemshika mkono. Alipomfikisha mlangoni hakuweza kunitazama, wala mimi yeye. Hospitali walimpiga ile picha ya kichwa. Nilimuuliza daktari kama lile pambano moja asingelipigana ingekuwaje. Akasema si moja, mama, ni miaka ya makonde, na hakuna mtu anayeweza kujua la mwisho lilizidisha kiasi gani. Alikusudia kunifariji. Nilitoka pale nikiwa na hasira naye, kwa sababu nilitaka aniambie moja kati ya mawili, ndilo au silo.

Kwa Fundi nilichelewa kwenda. Nilijiambia nauli, nikajiambia mvua, nikajiambia mzee yule hataki kutuona. Mwaka huu, baada ya Sikukuu, nikamvisha mdogo wangu kanzu safi na tukaenda Mkokotoni.

Nyumba ya mpwa wake iko nyuma ya soko la samaki, unasikia mnada tangu uani. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichoegemezwa ukutani, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe kabisa. Mataya sikuyaona. Mpwa wake alinieleza baadaye kwamba watoto walikuwa wakiyaogopa, yako juu ya dari.

"Shikamoo, Fundi," alisema mdogo wangu, kwa heshima, ameinama.

Fundi alimtazama. Akaweka mkono mmoja ukutani na mwengine kwenye goti, akajisukuma, akanyanyuka mzima mzima, ikamchukua muda. Akampa mkono. "Marahaba, bingwa. Karibu. Hamjambo huko mjini?"

"Hatujambo."

Tulikaa kwenye mkeka. Mpwa akaleta kahawa. Mdogo wangu alikunywa funda la kwanza, akasikia kelele za mnada, akanyanyuka kwenda kutazama samaki kupitia upenyo wa ua. Nikaona huo ndio wakati wangu.

"Fundi, nimekuja kukutaka radhi."

"Ya nini, mwanangu?"

"Wale wa barazani hawakuwa wakikujua. Mimi nlikuwa nakujua. Na mimi ndiye niliyekufungia mlango, na chakula nikakukatia."

"Na mimi n'na langu," alisema. "Siku ile alipoiuma nta mara ya tatu, unajua nlihisi nini kwanza? Nlifurahi. Nlisema moyoni, mimi peke yangu nnalijua taya la bingwa, hakuna mwengine aliyelijua. Ndipo nikaogopa. Lakini furaha ilitangulia, na nadhani aliiona usoni mwangu. Na mimi nisingemsikiliza mtu aliyefurahi."

"Ulikuja mlangoni kwangu, Fundi. Siku ile hukuwa na furaha."

"Siku ile, hapana," alisema.

Nililia, na sikujificha.

Mdogo wangu akarudi kutoka kwenye ua. Alimwona mzee amekaa kwenye kiti, uso wake ukafunguka kwa furaha ya mtu aliyekutana na jamaa asiyemtarajia. Akaja mbele, akainama.

"Shikamoo, Fundi!"

Mkono ukutani, mkono gotini. Akanyanyuka. "Marahaba, bingwa. Karibu. Hamjambo huko mjini?"

"Hatujambo."

Wakashikana mikono. Mdogo wangu akakaa, akaulizwa habari za mtaa, akajibu vizuri, akataja na Bwana Makame. Kisha akanyanyuka tena kwenda kutazama samaki. Fundi alirudi kitini taratibu, anahema, na nikaona magoti yanamtetemeka ndani ya kanzu. Niliona haya kwa ajili yetu sote. Na mdogo wangu alipogeuka kule uani na kuanza kuja, na uso wake ukafunguka vilevile, nilimshika Fundi mkono.

"Basi, Fundi, usinyanyuke. Kesha kuamkia mara mbili."

Fundi alikuwa ameshaweka mkono ukutani.

"Kwangu mimi labda," alisema. "Yeye ndo kwanza anafika."

Akauondoa mkono wangu kwa upole, akanyanyuka.